Maneno Niliyoyaruka Siku ya Mafunzo

Zuhura mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako, nami nimebaki na nyumba iliyonyamaza na mabegi yako mawili pale ukumbini. Baba yako yuko nje anapima upepo wa matairi kwa mara ya pili, kana kwamba kesho anakuendesha mpaka Morogoro kwenyewe na si uwanja wa ndege hapo jirani. Nimeona niitumie nafasi hii. Ukiwepo sitaweza. Utaniambia kwa Kiingereza chako kwamba kila kitu kiko sawa, nami nitakubali, na habari itaishia hapo.

Sikuandikii mambo ya chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala jinsi ya kumwamkia shangazi yako. Hayo nimeyasema mwezi mzima mpaka umeyachoka. Ninataka kukuandikia jambo moja ambalo nimekuficha tangu ulipokuwa na miaka minane. Lilitokea kazini, na linahusu kazi hiyohiyo unayokwenda kuisomea kwa vitendo huko kwenye kiwanda cha nyuzi. Nimeona si haki uende ukasimame mbele ya wafanyakazi kama meneja wa usalama, hata kama ni meneja mwanafunzi, bila kulijua.

Unakikumbuka kile kiwanda cha kufulia? Sisi tulikuwa tunakiita Kwa Dobi. Mashuka ya hoteli zote za hapa Hounslow na kandokando ya uwanja wa ndege yalikuwa yanaletwa pale kwa malori alfajiri. Shule zilipofungwa na baba yako akiwa zamu, nilikuwa nakubeba, ingawa haikuruhusiwa. Nilikuwa nakukalisha kwenye chumba cha kukunjia, juu ya rundo la taulo zilizotoka kwenye kikausho, bado zina joto. Unalala hapo mdomo wazi. Mpaka leo nikipita dukani nikasikia harufu ya shuka iliyotoka kwenye pasi, nawaona wanawake wale wote: Wakongo, Warundi, Wapolandi, mama mmoja wa Kisomali, na mimi mtoto wa Tanga katikati yao. Nilikuwa kijana wakati ule, Zuhura. Miguu haikuniuma. Tulikuwa tunacheka kwa lugha nne, na mashine zikizidi kelele tunachekea kwa macho.

Na Zawadi unamkumbuka, maana mandazi yake ndiyo yaliyokufanya ukubali kuamka saa kumi na moja. Alitoka Bukavu. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, mwembamba, mwenye sauti nzito. Kiswahili chake kilikuwa kinakuchekesha, alivyokuwa akisema mutu na muzuri, nawe ulikuwa unamwiga nyumbani mpaka nikakukataza. Yeye alikuwa kwenye mashine kubwa ya pasi. Ni mashine yenye rola ndefu za chuma, zenye moto, zinazozunguka. Wawili wanalisha shuka upande huu, wawili wanalipokea upande wa pili likiwa limenyooka kama karatasi.

Mimi walinifanya msimamizi kwa sababu ya Kiingereza changu. Nilipewa koti jeupe, na wewe ulilipenda sana koti lile. Ulisema nimekuwa daktari. Nami sikukusahihisha.

Basi siku moja akaja mtu kutoka ofisi kuu kutufundisha usalama wa mashine. Tulikusanywa chumba cha chai. Kulikuwa na wanawake wanne ambao Kiingereza hakiwaingii, Zawadi akiwa mmoja wao, na meneja wetu, Bwana Graham, akaniomba niwafasirie. Nikasimama kando ya yule mkufunzi nimejaa fahari. Mwanzo nilifasiri vizuri: milango ya moto iko wapi, viatu gani vivaliwe. Kisha akaingia kwenye mashine ya pasi. Akaanza kueleza nini kifanyike shuka likikwama kati ya rola. Akaeleza habari ya kinga iliyo mbele ya rola, jinsi ya kuijaribu kila asubuhi kabla ya kazi, na kwamba mtu asivute shuka kwa mkono hata likiwa linaungua. Alitumia maneno ya kifundi, mengi, kwa haraka. Na mimi, mwanangu, nikapotea.

Nimewahi kujiambia kwamba niliruka kwa sababu Bwana Graham alikuwa anaangalia saa na mashuka yamejaa mlangoni. Ni kweli alikuwa anaangalia saa. Lakini haikuwa hiyo. Sikuelewa alichosema, na niliona haya kusema sijaelewa. Ningesemaje, na koti jeupe nimelivaa? Kwa hiyo yule bwana aliponyamaza kunipisha, nikawageukia wenzangu nikasema mashine ina moto, tuwe waangalifu, na tutie sahihi kwenye fomu.

Zawadi aliishika kalamu, hakuandika. Akaniuliza, "Ni hayo tu? Ameongea sana."

Nikamwambia, "Ni hayo tu."

Akatia sahihi. Na chini yake, pale palipoandikwa mfasiri, nikatia yangu.

Haikupita hata miezi miwili. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, nilikuwa upande wa kukunjia nahesabu foronya. Shuka likajikunja kati ya rola, likaanza kutoa moshi. Zawadi akafanya ambavyo mtu yeyote angefanya jikoni kwake: akanyoosha mkono alivute. Ile kinga ilitakiwa kuisimamisha mashine, lakini ilikuwa imeharibika muda mrefu na hakuna aliyekuwa anaijaribu asubuhi, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba inajaribiwa. Sikuandikii zaidi ya hapo. Niliivuta kamba ya kuzimia mashine mimi mwenyewe. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, na ngozi ya kiganja ikabaki imekakamaa.

Siku ile nilikuchukua shuleni nimechelewa. Ulikuwa umekaa peke yako na mwalimu, umevaa koti tayari, na ulitaka kunionyesha picha uliyochora. Naikumbuka vizuri kuliko mambo mengi: nyumba nyekundu na ndege juu yake. Nilikwambia ni nzuri. Sikuwa nimeiona.

Kisha wakaja wachunguzi. Waliniuliza kama nilifasiri mafunzo yote. Nikasema ndiyo. Nilisema kwa sauti thabiti kabisa, mpaka mwenyewe nikajishangaa. Wakati ule karatasi zetu za ukaazi zilikuwa bado ziko kwenye ofisi ya uhamiaji kule Croydon, na mimi nilikuwa nimeamini kwamba kosa lolote, hata la kazini, lingefika mezani kwao na tungerudishwa. Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliitunga hofu ile mwenyewe nikaitii. Zawadi naye walimhoji hospitali, kwa mfasiri wa simu, akajibu kwamba alielezwa kila kitu. Kwa hiyo fomu ikawa na nguvu. Kampuni ikasema mfanyakazi alifundishwa, alitia sahihi, akakiuka maagizo mwenyewe. Fidia yake ikazuiwa.

Na cha ajabu, baada ya ajali ile kampuni ikaamua pawe na mtu kati yetu tunaofanya kazi mashineni atakayesomea usalama kazini, na wakanichagua mimi.

Hapa ndipo kumbukumbu zako na zangu zinapokutana, maana masomo yalikuwa Jumamosi, Croydon, na mara nyingi nilikuwa nakwenda na wewe. Tulikuwa tunashuka kwenye treni tunapanda tramu, na wewe ulikuwa unataka kukaa mbele kabisa umwone dereva. Darasa lilikuwa ghorofa ya nne, na pale nyuma kulikuwa na meza yako na kalamu zako za rangi. Wanafunzi wenzangu walikuwa wanaume wa ujenzi karibu wote. Walikuzoea wakawa wanakuletea biskuti.

Na mwalimu, Mwalimu Hasmukh. Alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa Moshi, duka la baba yake lilikuwa karibu na stendi, na hapa anakaa Neasden, jirani na hekalu. Siku ya kwanza alisoma jina langu kwenye orodha, akaniangalia juu ya miwani, akaniuliza kwa Kiswahili cha kaunta ya duka, "Dada, wa Tanga wewe?" Nilikaribia kulia. Mapumziko alikuwa anatutolea chevda, ule mchanganyiko wa dengu na karanga, kwenye mfuko wa karatasi, anamwaga kiganjani mwako kwanza, kisha kwangu.

Kuna siku nilishindwa kabisa kutofautisha kihatarishi na hatari. Kwa Kiingereza yalikuwa maneno mawili, na kichwani mwangu lilikuwa moja. Mwalimu Hasmukh akachukua kikombe chake cha chai ya moto akakiweka ukingoni mwa meza. Akasema chai hii ni kihatarishi, inaweza kuunguza. Sasa hatari ni swali jingine: ni rahisi kiasi gani imwagike, na ikimwagika itamuumiza nani, kiasi gani. Kabla hajamaliza, wewe ukanyoosha mkono ukakisogeza kikombe katikati. Alicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia nisisumbuke tena na masomo, meneja wa usalama tayari amepatikana. Nimekuwa nikilifikiria hilo wiki hii yote, huku nakukunjia nguo.

Siku zile zilikuwa nzuri, Zuhura. Nataka ujue kwamba zilikuwa nzuri kweli, hata kama chini yake kulikuwa na jambo hili. Usije ukadhani nilikuwa naigiza furaha. Jioni, mezani jikoni, ulikuwa unanishikia kadi zenye maswali na kunisahihisha matamshi. Sijawahi kuwa na mwalimu mkali kama wewe.

Karibu na mwisho wa kozi tulipewa kazi ya kuchunguza ajali moja tunayoifahamu na kuiandikia ripoti. Nikaandika ya Zawadi, bila jina lake. Niliandika kila kitu: kinga mbovu, ratiba ya matengenezo, haraka ya kazi, meneja. Niliona nimeandika vizuri sana. Mwalimu Hasmukh aliisoma wakati wa mapumziko, polepole, kidole kikifuata mistari. Akaniuliza kama huyu mama alikuwa anajua Kiingereza. Nikasema hajui. Akaniuliza basi nani alimfasiria mafunzo.

Nikasema, "Mimi."

Hakunitazama, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Kisha akanirudishia karatasi zangu akasema, "Dada, humu kuna mtu hayupo. Mwandike, halafu uniletee."

Hakuniuliza kitu kingine. Kwenye tramu uliniuliza mbona nalia, nikakwambia ni baridi. Ilikuwa mwezi wa saba, ambao huku ni wa joto.

Kesho yake, Jumapili, nikaenda kwa Zawadi. Nilimkuta amesimama jikoni anamenya ndizi kwa mkono wa kushoto, kisu amekibana vibaya, na sikuthubutu kumwomba nimsaidie. Nikamwambia palepale mlangoni. Nikamwambia mkufunzi alisema nini, neno kwa neno, kwa sababu sasa nilikuwa nayajua yote, nilikuwa nimeyasomea. Hakuacha kumenya. Nilipomaliza akasema, "Nilijua. Nilikuuliza kama ni hayo tu, na ukakawia kunijibu."

Nikamuuliza kwa nini basi aliwaambia wachunguzi kwamba nilieleza kila kitu.

"Wewe uko na mutoto," akasema, "na karatasi zako ziko kule Croydon. Vidole vyangu havingerudi." Kisha akaweka kisu chini. "Lakini sikukusamehe. Nilinyamaza tu. Hivyo ni vitu mbili."

Nilikaa naye mpaka ndizi zikaiva, akanipa sahani, nikala. Nilipoondoka nilikuwa nimeshaamua.

Jumatatu nilimwendea Bwana Graham. Si mtu mbaya yule, na sitaki umfikirie hivyo. Alinishauri kwa upole nifikirie tena, akasema mambo yametulia, na kwamba nikibadilisha maelezo nafasi ya usimamizi siwezi kubaki nayo. Nilimwambia nimeelewa. Safari hii nilikuwa nimeelewa kweli. Wachunguzi wakaja tena, nikawaeleza nilichoruka na kwa nini. Waliandika. Mmoja wao, mwanamke kijana, aliniuliza mara tatu kama nina hakika.

Ndiyo sababu lile koti jeupe liliondoka nyumbani. Wewe uliniuliza, nikakudanganya kwamba miguu inaniuma na nimeomba kazi ya kukaa. Haikuwa miguu. Nilirudishwa kukunja taulo, na ada ya kozi kampuni ikaacha kuilipa. Wanawake wengine Kwa Dobi walikaa wiki kadhaa hawanisemeshi, na walikuwa na haki. Zawadi alilipwa fidia yake mwaka uliofuata. Na zile karatasi za Croydon, ambazo kwa ajili yake nilikuwa tayari kumwacha mwenzangu aitwe mzembe, zilikuja kwa posta asubuhi moja kama barua nyingine yoyote. Hakuna mtu ofisini kwao aliyewahi kusikia habari ya mashine ya pasi.

Mwalimu Hasmukh aliniruhusu nimalizie kozi bila ada. Nilimpelekea ripoti yangu mpya, na mtu aliyekosekana yumo. Akaisoma, akatia alama, akanipa mkono. Alikwishastaafu ulipoanza sekondari, na nasikia siku hizi masikio yamekwisha kabisa. Kazi ninayofanya sasa ya kufundisha usalama, kwenye lile jiko la vyakula vya abiria wa ndege, niliipata kwa cheti kile.

Mwanangu, huko uendako watakuita bosi, watakuita madamu, na wewe una umri wa watoto wao. Kiswahili chako ni kizuri, usimsikilize baba yako, lakini ni Kiswahili cha jikoni kwetu. Ukisimama mbele ya mashine ya kusokotea nyuzi utakwama, kama mimi nilivyokwama. Ukikwama, sema umekwama. Waulize wao wanakiitaje kile chuma, ile kamba, kile kishindo kinachosikika kabla mashine haijaharibika. Watakucheka kidogo. Kisha watakueleza, na utatoka hapo unajua kuliko ulivyofundishwa chuo.

Nao watakuitikia ndiyo. Kwetu watu wana adabu, hawamwambii mgeni kwamba hajaeleweka. Usiichukue ndiyo ya adabu ukaenda nayo ofisini. Mwombe mtu akuonyeshe kwa mikono yake angefanya nini, mashine ikiwa imezimwa. Hapo ndipo utajua. Mimi hufanya hivyo kila mara, na bado hutokea mara nyingi nikagundua kwamba niliyemweleza hakunielewa, na kosa ni langu.

Sikuandikii haya ili uogope. Na wala sikuandikii ili uniambie si kitu. Ukitaka kunikasirikia, kasirika, una ndege ya saa nyingi ya kukasirikia. Nilikaa na jambo hili miaka kumi na minne nikikutazama unakua, unachagua masomo yaleyale, unarudi na vitabu vilevile, na kila mara nilisema nitamwambia wiki ijayo. Nadhani niliogopa kwamba ukijua utaacha kujivunia ile picha ya ukutani ya mama yako ameshika cheti chake. Basi sasa unajua jinsi cheti kilivyopatikana.

Lakini habari hii si yangu peke yangu, kwa hiyo kabla ya kushika kalamu nilikwenda kumwomba Zawadi ruhusa. Ilikuwa Jumapili iliyopita, ile siku nilipokwambia nakwenda sokoni. Nywele zake ni nyeupe zote siku hizi. Sijui kama amenisamehe. Sijawahi kumuuliza, naye huniletea chai. Nilimweleza unakwenda Morogoro, utakuwa unafundisha wafanyakazi, na kwamba ningependa ujue kilichotokea. Nikamwambia pia kwamba walimu wa kazi hii huwa tunasimulia ajali za kweli ili watu waelewe, na kwamba tukisimulia huwa tunaficha majina, tunasema mfanyakazi mmoja.

Alifikiri, mkono wake ule umelala juu ya meza.

"Umwambie yote," akasema. "Na akifika kule, akisimama mbele ya watu, asiseme mufanyakazi moja. Aseme Zawadi."

Mama yako,
Mwanaidi